Mama Aliita Mara Mbili

Haya yalimkuta shoga yangu Mounia, na msimcheke, maana si mtu wa kutunga.

Kisiwa cha Nzwani kilikuwa kimejitenga na serikali ya Moroni, na simu za kwao Mutsamudu, mji wa kisiwa hicho, hazikupatikana tena. Mchana mmoja umeme ulikatika Moroni alikoishi, Mounia akaenda sokoni Volo Volo kununua betri ili asikilize kanda ya kaka yake, Dhoihir, aliyebaki kwao na mama. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Dhoihir alirekodi vibao vikali kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio ya baba, kwa hiyo sauti za nyumbani ziliingia humo. Kibao cha mwisho kikiisha, mama yao huita, "Dhoihir, wali unapoa!" Naye hujibu, "Naja, mama!" Kanda inaishia hapo. Mounia aliipendea jibu hilo.

Alifunga madirisha, akakaa gizani. Kibao cha mwisho kikaisha. Mama akaita.

Hakuna aliyejibu. Kanda iliendelea kuzunguka, ikikwaruza.

"Dhoihir?" Mama hakuwahi kuita mara ya pili.

Kisha nyayo zikasogea, pumzi ikasikika karibu kabisa, na mama akanong'ona:

"Mounia, umemwona kaka yako?"