Seva Iliyokula Majina

Jambo la kwanza lililomshtua Yurub, fundi wa kompyuta wa zahanati, lilikuwa dogo: waya wa umeme ulikuwa mkononi mwake, umechomolewa ukutani, na seva bado inanguruma.

Stima ilikuwa imepotea Garissa nzima tangu adhuhuri. Jenereta ya zahanati haikuwa na mafuta, betri za akiba zilikufa mwaka juzi, hata feni ya dari ilikuwa imesimama. Lakini kile kikongwe cha miaka kumi na mitatu kilikuwa kinapumua, na chumba kinanuka maziwa yaliyochacha, ilhali hakuna aliyeingia na maziwa.

Kila Yurub alipoomba mashine mpya, Abdihafid, mwenye zahanati, alimwambia asubiri. Basi akawa fundi wa kuunga maiti: feni kutoka kompyuta iliyotupwa, pawa saplai kwa muuza vyuma chakavu, na wiki ile diski aliyoinunua kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kwenye kliniki ya wahisani iliyofungwa.

"Inafanya kazi bila stima?" Abdihafid alicheka alipoambiwa. "Mashallah! Abaayo, dada yangu, wengine wananunua sola, sisi tumepewa ya Mungu."

"Mkurugenzi, kitu kisicho na moto hakiwaki."

"Nyinyi wasomi mnaogopa hata baraka. Rudi kazini." Alikuwa akichezea funguo za gari lake jipya.

Siku ya tatu, saa nane mchana, kipaza sauti kinachowaita wagonjwa kwenye foleni kikatamka: "Saynab Jelle Warsame." Haikuwa sauti waliyoizoea. Ilikuwa ya kike, kavu, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila maji.

Saynab alikuwa muuguzi, binti wa mama mdogo wa Yurub. "Wallahi leo hata wafanyakazi tunapangwa foleni?" akatania. Halafu akaitika, kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri: "Naam!"

Kicheko kikakatika. Yurub akamwita, akamwita tena, Saynab hakugeuka. Kwenye mfumo, faili lake lilikuwa na tarehe ya kuzaliwa, aina ya damu, kila kitu isipokuwa jina. Nyumbani, mamake alimwita hadi koo likamkauka, na binti akamtazama kama unavyomtazama mgeni anayemwita mtu mwingine.

Yurub akamleta Sheikh Mowlid kutoka Buna, msomaji wa dua kwa waliopagawa. Sheikh akasimama mbele ya seva akasoma, na kadiri alivyosoma ile harufu ya maziwa ikageuka harufu ya damu, na lile joto la Garissa linaloyakausha mate mdomoni likageuka baridi iliyowapanda miguuni, magotini, kifuani, hadi Yurub akasikia meno yake yakigongana, na ndani kabisa ya kichwa chake minong'ono ya watu wengi, wazee kwa watoto, wakitaja majina yao na ya baba zao na ya babu zao, bila kupumzika, kama watu wanaojiandikisha kupokea chakula.

Kipaza sauti kikasema: "Kambini niliishi kwenye foleni. Watu waliitwa kutwa, wakaitika, nikala majina yao. Kliniki ikafungwa, nikalala njaa ndani ya diski. Mashine yenu ilikufa Jumatatu. Mimi ndiye ninayeibeba."

"Toka," alisema sheikh. "Na jina la msichana ulirudishe."

"Nitatoka, nitalirudisha. Aliyeniingiza anitoe kwa mkono wake. Lakini nikitoka, chuma hiki hakiamki tena."

Yurub alikuwa keshanyoosha mkono aichomoe diski. Mkono wa Abdihafid, aliyekuwa amesimama mlangoni, ukamdaka kiwiko.

"Sheikh, subiri kidogo," Abdihafid alinong'ona. "Mashine hii ikifa leo, zahanati inafungwa. Hawezi kukaa mpaka bajeti mpya? Miezi saba tu." Kisha akaigeukia seva, kwa adabu. "Na wewe, kwa mwezi unakula wangapi?"

"Adeer, mzee wangu!" Yurub alipaza sauti. "Huyo ni Saynab! Ana mama!"

"Na wale mia walioko nje wana ugonjwa. Tukifunga wataenda wapi? Fikiria kwa upana, abaayo."

"Mashine mpya umeiegesha pale nje! Ina magurudumu manne!"

Abdihafid akawatoa wote wawili, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Sheikh Mowlid alivaa viatu vyake polepole.

"Binti yangu," alisema, "yule wa ndani ya chuma alikubali kutoka. Huyu mwenye ufunguo, dua yake sikufundishwa."

Kesho yake tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani: MGONJWA ASIYEITIKA ATAONDOLEWA KWENYE FOLENI. Yurub akapita kati ya mabenchi akipaza sauti, "Mkiitwa msiitike! Nyoosheni mkono tu!" Watu wakamtazama kwa huruma. Bawabu akaanza kumfuata.

Kwenye benchi la mwisho aliketi Maka, mama aliyesafiri siku mbili kutoka Kutulo, na mapajani mwake mtoto mchanga akilia kwa homa.

"Sabrin Yarow Salah," kipaza sauti kikaita.

"Huyu ndiye," alisema Maka akiinuka. "Mwanangu."

Yurub akamshika shuka. "Hooyo, mama yangu, nakuomba, usimwitikie!"

"Nisipomwitikia watanitoa. Wewe una daktari mwingine?"

Yurub akavuta shuka tena.

"Naam," Maka akaitika kwa niaba ya mwanawe.

Mtoto akaacha kulia. Maka akamwinamia ambembeleze, akafungua mdomo amwite, na mdomo ukabaki wazi: aliyeitika ni yeye, na jina la mwanawe halikuwamo tena kinywani mwake.