Rafael Mwana wa Freha

Ujumbe haukuwa na picha wala jina la maana, ila neno moja tu, Jirani. Orna angeufuta palepale kama asingekuwa amechoka kiasi cha kushika chochote kinachopita. Miezi mizima alikuwa akimsaka baba yake kwenye kumbukumbu za Wayahudi wa Sefrou, mji alikozaliwa mzee huyo, zile zilizopigwa picha na kuwekwa mtandaoni ili kila mtu ajitafutie wazee wake akiwa kwake Dimona na chai yake mkononi. Ajitafutie, eti. Ukiandika jina la ukoo wao, Asulin, hamna. Asolin, hamna. Asuline, unaletewa fundi viatu wa mji mwingine kabisa, aliyekufa bila mtoto. Kurasa nyingine zimepigwa picha kichwa chini miguu juu, nyingine kidole cha mpiga picha kimekaa palepale penye jina, na ukifika pazuri tu tovuti inakutoa nje na kukudai neno la siri.

Na mzee Yaish, baba mwenyewe, ndiye aliyempandisha mori kuliko tovuti.

"Baba, nisaidie basi. Ndugu zako wote wamo, wewe tu humo. Ulizaliwa kweli?"

"Nilizaliwa na njaa. Hebu pakua."

"Sitanii. Nataka wajukuu zako wajue walikotoka."

"Wametoka hospitali ya Beersheba. Nilikuwepo."

Ndivyo alivyokuwa. Mkewe alikuwa amekwisha kufa, naye alikaa na binti yake huyo mmoja, akimtania kutwa. Orna aliogopa siku moja ataondoka na historia yake yote kifuani, na yeye abaki na mti wa ukoo wenye shimo katikati.

Basi akausoma ule ujumbe. "Namtafuta Rafael mwana wa Freha, wa Sefrou, kule mtoni. Alinipotea akiwa mchanga. Wewe unamtafuta nani?"

Freha ni bibi yake, mzaa baba. Orna alirudi mbio kwenye daftari la mtahiri wa watoto wa Sefrou, mwaka aliozaliwa baba yake, akashuka na kidole kwenye kioo hadi penye jina la babu yake. Mtoto wa kiume yupo. Haitwi Yaish, anaitwa Rafael. Kumbe muda wote alikuwa akigonga mlango usio wake. Furaha ikamzidi, vidole vikaitangulia akili: "Huyo ni baba yangu. Siku hizi anaitwa Yaish. Yu hai, nakaa naye Dimona."

Jibu likaja hata mkono hajauondoa. "Ahsante, binti."

Akaunti ya Orna ilikuwa na jina la ukoo tu. Alijiuliza kidogo huyu amejuaje kuwa yeye ni mwanamke, kisha akakumbuka ni Ijumaa, jua linazama, na mishumaa ya Sabato haijawashwa.

Kesho yake mchana, watu wameshiba na mtaa mzima umelala, Orna alisikia harufu ya sufu mbichi iliyolowa. Alinyanyuka akidhani ni nguo zimesahaulika kwenye ndoo. Hazikuwepo nguo. Harufu ilitoka jikoni, na jikoni ilitoka kwenye tundu la sinki, ambalo lilikuwa linaguguna taratibu kama koo la mtu anayekunywa, na alipoinama kusikiliza, maana binadamu hatuna adabu ya kukimbia kwa wakati, akasikia chini kabisa, chini kuliko bomba lolote la nyumba ile, sauti ya mwanamke, ya upole, ya mama anayembembeleza mtoto atoke majini, ikiita bila haraka wala hasira, ikirudia na kurudia na kila mara ikiwa karibu zaidi: Rafael. Rafael wa Freha. Njoo kwangu.

Chumbani mzee aliitika, "Naam?"

Orna alimkuta amekaa kitandani, uso umempauka. "Nani ananiita hivyo?" alinong'ona. "Mbona jina silijui, na ni langu?" Kisha akafunua shuka. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimetoka malengelenge, kama amesimamishwa kwenye maji yanayochemka.

Hospitalini daktari aliuliza ni nani amemmwagia mzee maji ya moto, na alipouliza alimtazama Orna. Sabato ilipotoka, malengelenge yalikuwa yamepanda hadi magotini, na Orna akampigia simu shangazi Ito wa Ofakim, dada mkubwa wa mzee, ambaye ndiye pekee aliyebaki wa enzi ile.

"Jina hilo umelitoa wapi?" shangazi aliuliza, sauti imeshuka ghafla.

"Kwenye kompyuta."

"Na ukamwambia nani?"

Orna alimweleza.

"Mama alikuwa anafua sufu, akamwaga maji ya moto mferejini," shangazi alisema. "Hakuwaambia wale watu wasioonekana wapishe. Mmoja wao alikuwa anamwogesha mwanawe humo. Akaja kudai mtoto kwa mtoto, Rafael akaanza kuungua hivyohivyo. Rabi akamgeuza jina, akamwita Yaish, yaani ataishi. Yule akaja, akakuta hakuna Rafael. Akaondoka. Miaka yote hiyo anatafuta, na wewe umempa mpaka mji."

"Mbona hamkuniambia? Nimeuliza miezi na miezi, shangazi. Nimeuliza kila mtu."

"Jambo la kufichwa linasemwaje, we mtoto?"

Orna alitamani kuitupa simu ukutani. Alikimbilia kompyuta amfute baba yake kwenye ule mti. Akabonyeza, akabonyeza tena. Maandishi yakatokea: Mtu huyu hafutiki. Kuna mwingine anayemfuatilia.

Shangazi alisema jina jipya peke yake halitoshi safari hii, kwa sababu yule sasa anamjua binti, na atampata baba kwa kumfuata binti. Mzee lazima auzwe, asiwe tena mwana wa Freha wala baba wa Orna. Wakakusanya wanaume kumi, kama dini yao inavyotaka, sebuleni kwa Ito, mzee akabebwa kwenye kiti, malengelenge yamefika tumboni. Shangazi, kikongwe asiyeweza hata kusimama, akamnunua mdogo wake kwa mkate mmoja ili awe mwanawe. Rabi akamnong'oneza mzee jina jipya sikioni. Orna hakuambiwa. Kati ya watu wote duniani, yeye ndiye hakutakiwa kulijua.

"Huyu ni nani wako?" rabi alimuuliza Orna.

Orna akamgeukia baba yake.

"Sema tu," mzee alisema kwa upole. "Si neno, sema."

"Simjui," Orna alisema. Na malengelenge yakasimama palepale yalipofika.

Alirudi Dimona peke yake. Alikatazwa kupiga simu, alikatazwa kuuliza habari. Alivumilia hadi uvumilivu ukaisha, kisha adhuhuri moja akapika kuskusi, akaifunga kwa kitambaa, akapanda basi la Ofakim. Nitaiacha mlangoni tu, alijiambia.

Alipofika ngazi za juu kwa Ito alisikia matone nyuma yake. Alisimama, nayo yakasimama. Harufu ya sufu ilikuwa imejaa ukumbi mzima. Akataka kugeuka, lakini mlango ukafunguliwa, na mzee akasimama pale, amenawiri, amenyolewa vizuri, akiegemea fimbo. Alifungua mdomo amwite. Kisha akaona kilichokuwa ngazini nyuma ya bega la mwanawe, na uso wake ukafunga.

"Shikamoo, mzee," Orna alisema.

"Marahaba. We binti wa nani?"

Nyuma yake halikusikika hata tone. Yule alikuwa anasikiliza.

"Mimi si wa hapa," Orna alisema. "Nimekosea mlango."

"Haya. Nenda salama."

Mlango ukafungwa, na alisikia ufunguo ukizungushwa. Orna akageuka akiwa ameinamisha macho, akaukumbatia mfuko wa chakula, akaanza kushuka polepole, kusudi kilichokuwa ngazini kimfuate yeye.