Magurudumu ya Baba

Rafiki yangu Medina, mkazi wa mtaa wa Oli hapa Arua, husimulia haya kwa hasira. Kaka yake Abdunoor alifungua magurudumu mapana ya gari la marehemu baba yao, akayafunga kwenye lake, akaenda mji wa Koboko kushindana mbio za magari.

"Gari ya baba iko bure, dada. Unataka kuku walale ndani?" alimwambia akiondoka.

Saa tisa alasiri Medina alisikia mvumo kwenye banda la gari la baba. Mle ndani gizani, gari likiwa juu ya matofali na injini kimya, ekseli isiyo na magurudumu ilikuwa ikizunguka kwa kasi. Ghafla breki zikalia, ikasimama.

Abdunoor akapiga simu. "Dada, mutu alikatiza barabara. Gari ikafunga breki yenyewe. Mimi sikukanyaga."

"Mwizi wewe," Medina alifoka, akifungua mlango wa gari la baba.

Pedali ya breki ilikuwa imezama hadi chini. Mpaka leo haijapanda.