Ganda la Risasi Kutoka Usinge

"Umekuja kuniaga au kunizomea?" Lugembe aliuliza akiwa nyuma ya nondo.

Tekla alimtemea mate.

"Nimekuja nikuone kabla hawajakunyonga. Ulinichumbia mimi, ukampiga kaka yangu risasi ya mgongo."

"Sikumpiga, Tekla."

"Nyamaza."

Hiyo ilikuwa mahabusu ya Tabora, mwaka 1953. Lugembe alikuwa askari wa wanyamapori kwenye misitu ya Usinge. Alimfumania Kasimiri, kaka yake Tekla, na meno ya tembo, wakatukanana karibu washikane mashati. Wiki mbili baadaye Kasimiri alikutwa amekufa chini ya mizinga yake ya nyuki, na kando yake ganda moja la risasi. Tekla mwenyewe ndiye aliyewaambia polisi kwamba Lugembe aliapa kumpiga kaka yake siku atakapomkuta tena msituni. Tangu hapo Raymundi, rafiki wa marehemu, hakutoka nyumbani kwao. Alichimba kaburi, akamliwaza mama yao, na sasa alikuwa ameanza kumsemesha Tekla habari za ndoa.

Tekla alipokuwa akiondoka, Sajini Shomari, mtunza silaha wa polisi, alimwita mezani kwake. Tekla alimwamkia shikamoo, naye akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye lenzi yake ya kukuzia. Alimweleza taratibu kwamba pini ya bunduki ikigonga kitako cha risasi huacha alama, na kila pini ina alama yake. Alikuwa amefyatua bunduki ya Lugembe kwenye pipa la pamba, akalinganisha ganda lake na lile lililookotwa kando ya maiti, hayakufanana. Mtaalamu wa silaha wa Nairobi aliyatazama kwa darubini, naye akajibu vilevile.

"Usinge kuna bunduki tano za aina hii," alisema Shomari. "Nne tumezipima. Ya tano ni ya Raymundi. Anasema ilizama mto Ugalla kabla ya msiba. Bila hiyo, Lugembe hatoki."

Tekla alikumbuka. Kesho yake ya maziko alikuwa amemwona Raymundi akisukumiza furushi refu ndani ya kihenge cha mahindi cha mama yao. Alipomuuliza, aliambiwa ni vyuma vya mtego.

Hakumwambia sajini neno; safari hii alitaka kuona kwa macho yake kabla ya kumtaja mtu. Alipanda treni ya Kigoma, akashuka Usinge, akaenda moja kwa moja kihengeni na kuzamisha mkono kwenye mahindi mpaka begani. Vidole viligusa mtutu. Alikuwa akiifunga bunduki ndani ya mkeka Raymundi alipoingia ghalani.

"Iweke chini hiyo."

"Si ilizama Ugalla?"

Raymundi alisimama mlangoni.

"Yale meno ya tembo yalikuwa yangu. Kasimiri alitaka kunitaja kwa Lugembe. Na wewe nilikutaka. Ulitaka nifanyeje?"

"Ukala ugali wa mama yangu na damu ya mwanawe mikononi."

"Ipeleke basi. Aliyemfunga Lugembe ni wewe, si mimi. Hatakurudia."

"Sikuuliza kama atanirudia."

Apolinaria, mama yake Tekla, alikuwa uani, ameshika mchi wa kutwangia. Alisikia yote. Alikuja akasimama nyuma ya Raymundi, akauinua mchi, na kwa sauti ndogo akamwambia ampishe binti yake. Raymundi alitazama ule mchi, akapisha.

Kesho yake, Tabora, Shomari alifyatua bunduki ile kwenye pamba. Alimpa Tekla lenzi ajionee: kwenye maganda yote mawili palikuwa na kovu dogo lililopinda kama ukucha. Nairobi walithibitisha kwa simu ya maandishi. Raymundi alikamatwa akisubiri treni, na baadaye alihukumiwa kunyongwa.

Siku Lugembe alipofunguliwa, Tekla alikuwa langoni. Alimwambia amekosa, wala hana cha kujitetea.

"Mimi nilikuapia kwa mdomo wangu, ukanitemea mate," alisema Lugembe. "Kipande cha shaba kisicho na mdomo ndicho umekiamini."

"Ndiyo."

"Basi kaolewe nacho."

Aliomba uhamisho, akapelekwa mbali na Usinge. Tekla alimwandikia barua. Ya kwanza ilirudi haijafunguliwa, ya pili na ya tatu vilevile. Ya nne haikujibiwa, lakini haikurudi.