Mate Kabatini

Haya yalimpata shoga yangu mshonaji, ambaye wateja wake walimwambia tangu zamani kwamba sauti yake ni ya redioni. Mwishowe akanunua maikrofoni, akatundika mablanketi ndani ya kabati la nguo, na akapata kazi ya kwanza: kusoma tangazo la dawa ya meno. Lilitakiwa kabla ya jioni, la sivyo kazi apewe mwingine.

Saa nane mchana akajifungia kabatini, akasoma kwa mwanga wa simu, akaituma rekodi kwa fundi wa sauti wa tangazo hilo. Fundi akampigia akicheka.

"Dada, umesoma vizuri, lakini meza mate kwanza! Unasikika kama unalamba sahani."

Akaifungua rekodi, akajisikiliza. Baada ya kila sentensi ulimi mzito ulichapa, mate yakavutwa, kisha koo likameza.

Akasukutua mdomo, akarudi ndani na kuvaa visikilizio. Safari hii alizima simu, hakusoma neno, akaibana midomo yake kwa vidole ajue kama sauti ile ni yake.

Chwa. Chwa. Chwa. Kisha kumeza, taratibu, kama mtu anayefurahia mlo.

"Nani wewe?" akauliza.

Akapapasa gizani azime maikrofoni. Sponji iliyoifunika ilikuwa imelowa chapachapa, na ute ukavutika vidoleni mwake. Akausukuma mlango, mwanga ukaingia. Upande wa sponji uliomwelekea yeye ulikuwa mkavu. Ute ulikuwa upande wa pili, ule unaoelekea nguo zake, na ulikuwa bado vuguvugu.