Chupa Juu ya Mafiga

Huku Kinyala, Rungwe, mvua ikianza haijui kuacha. Nguo hazikauki. Viatu vinaota ukungu uvunguni. Chumvi inalia maji ndani ya kopo. Ukitaka kitu chako kibaki kikavu, unakiweka sehemu moja tu: kwenye kichanja cha miti, kule juu ya mafiga, ndani ya jiko la nje. Moto ukiwaka chini, joto na moshi vinapanda juu. Ukungu hausogei hapo.

Kwa Mzee Anyosisye kichanja kilikuwa kimejaa. Mahindi ya mbegu yalining'inia pale. Maharage yalikuwa ndani ya kibuyu. Kulikuwa na kiberiti, chumvi na karanga. Mke wake, Mama Tusajigwe, alikipanga mwenyewe. Hakutaka mtu akiguse.

Mchana huo alipika mbalaga. Ni ndizi na maharage, na karanga za kusaga juu yake. Zamani harufu hiyo ingemtoa mzee shambani mbio. Siku hiyo alikaa barazani, kajifunga blanketi, anaangalia migomba yake.

"Baba Ackson, njoo ule," mkewe aliita.

"Kuleni ninyi."

"Hata kidogo?"

"Nikila nakimbia chooni. Nisipokula nakaa hapa kwa amani. Niache na amani yangu."

Ackson, mtoto wao mkubwa, alikuwa anaosha pikipiki yake uani. Ni dereva wa bodaboda. Hana maneno ya kupamba.

"Mzee, nikuambie ukweli," alisema. "Unaisha. Suruali yako umeifunga kamba. Ukiendelea hivi tutakuzika na blanketi hilo hilo."

"Ackson!" Mama alipiga kelele.

"Nimesema uongo?"

Uongo haukuwepo.

Mwaka uliopita mzee aliugua kongosho. Kongosho ni kiungo kilicho ndani, nyuma ya tumbo. Kazi yake moja ni kutengeneza vimeng'enya. Hivyo ndivyo vinavyovunjavunja chakula ili mwili ukitumie. Mzee alitibiwa Mbeya, maumivu yakaisha, ila kongosho likabaki dhaifu. Akila, chakula kinapita tu. Tumbo linajaa gesi na kunguruma. Choo kinatoka na mafuta, kinanuka vibaya, kinaelea. Mwili unabaki na njaa hata kama sahani ilijaa.

Daktari alimpa chupa ya kapsuli zenye vimeng'enya. Alimwambia anywe kila anapokula. Mwanzoni zilimsaidia sana. Alinenepa kidogo. Alirudi kupogoa migomba. Halafu mambo yakageuka tena, na safari hii hakuna aliyejua kwa nini.

Kilichomuumiza zaidi mzee hakikuwa tumbo. Kilikuwa aibu. Yeye ni mzee wa kanisa. Baada ya ibada ya mavuno, wanaume hukaa pamoja na kula kutoka sinia moja. Mara ya mwisho mzee alikula, akanyanyuka ghafla, akakimbia. Hakufika chooni. Watu waliona. Toka siku hiyo, kila Jumapili Ackson alimsubiri nje ya kanisa, pikipiki inaunguruma. Amina ya mwisho ikisemwa, mzee anapanda, wanaondoka. Hata salamu hasubiri.

"Na dawa je?" Mama aliuliza kwa sauti ndogo. "Umekunywa leo?"

"Nimeacha."

"Umeacha lini?"

"Nimeacha. Nikinywa nakimbia. Nisipokunywa nakimbia. Sasa ninakunywa ya nini?"

Mama Tusajigwe aliinamisha uso kwenye chungu. Ackson alimwona akijifuta macho na kusingizia moshi.

Jioni mvua ilirudi. Jirani yao, Lightness, alipiga hodi jikoni. Ni mfamasia wa kituo cha afya, yaani mtaalamu wa dawa. Kwao ni Dodoma, na baridi ya Rungwe bado hajaizoea. Alikuwa amevaa koti juu ya sweta, na khanga juu ya koti.

"Hodi jamani! Naomba moto. Vidole vyangu sivisikii."

"Ugonile, dada Lightness," Ackson alimsalimia kwa Kinyakyusa.

"Ndaga!"

"Ndaga yako hiyo ina vumbi la Dodoma kabisa."

"Na baridi yenu hii haina adabu kabisa. Sogea huko."

Walicheka. Hata mzee alitabasamu. Yeye pia alikuwa ameingia kuota moto. Mama akampa mgeni kigoda na sahani ya mbalaga. Lightness akala na kuusifu upishi. Halafu akaona kwamba mzee hana sahani.

"Baba, wewe huli?"

"Mimi nimeshastaafu kula."

"Kuna mtu anastaafu kula? Si wewe ulikuja kituoni ukasema una kapsuli za kongosho?"

"Ninazo. Hazifanyi kazi."

"Ziko wapi nizione?"

Mama aliinuka haraka. Alifurahi kuonyesha. Alipanda juu ya kigoda, akapeleka mkono kwenye kichanja, kati ya mahindi ya mbegu na kibuyu cha maharage. Akatoa chupa nyeusi kwa masizi.

"Nimeitunza vizuri kabisa," alisema. "Haijaguswa na ukungu hata mara moja."

Lightness aliipokea. Akaihamishia mkono wa pili. Kisha akairudisha mkono wa kwanza.

"Mama," alisema taratibu, "chupa hii ni ya moto."

"Ndiyo. Ni kavu."

"Kavu ni sawa. Moto ndiyo shida."

Alifungua kifuniko. Akamimina kapsuli kwenye kiganja, zikakataa kutoka. Zilikuwa zimeshikana kama peremende zilizosahaulika mfukoni. Rangi yake ilikuwa imegeuka.

"Kulikuwa na kipakiti kidogo humu ndani, chenye punje?"

"Nilikitupa. Ackson alinisomea, wameandika kisiliwe. Nikasema sumu inafanya nini kwenye dawa?"

"Hakiliwi kweli. Ila kazi yake ni kunyonya unyevu. Kinakaa humo humo mpaka dawa iishe."

Ackson aliichukua chupa, akaifuta masizi kwa kidole, akasogea karibu na moto asome.

"Subiri, dada. Hapa tarehe ya mwisho ni mwakani. Dawa bado nzima."

"Tarehe hiyo ni kwa chupa iliyowekwa vizuri," Lightness alisema. "Pakavu, pasipo na joto, kifuniko kimefungwa. Ukiiweka juu ya moto, tarehe hiyo haikusaidii. Na ukishaifungua, mara nyingine muda wake unakuwa mfupi zaidi. Unasoma karatasi ya ndani, au unamuuliza mfamasia."

"Lakini sisi kila kitu tunaweka hapo," mzee alisema. Alianza kukasirika. "Mahindi yangu ya mbegu yako hapo. Yanaota vizuri kila mwaka. Iweje dawa iharibike?"

Lightness hakubishana. Alichungulia kwenye chungu, akatoa haragwe moja lililoiva. Akalishika mbele ya mzee.

"Baba, nikilipanda hili litaota?"

"Limechemshwa hilo. Litaota vipi?"

"Lakini si bado ni haragwe? Angalia. Ngozi ipo. Umbo lipo."

Mzee alilitazama haragwe.

"Vimeng'enya siyo mbegu, havina uhai," Lightness aliendelea. "Ila joto linaviharibu hivyo hivyo. Kapsuli inabaki, kazi inaondoka. Mahindi yako yamezoea joto la kichanja. Dawa hii haijazoea. Niambie kitu. Wakati inakusaidia ilikuwa inakaa wapi?"

Mzee na mkewe walitazamana.

"Chumbani," Mama alijibu. "Kwenye rafu. Mvua zilipoanza ukuta ukaota ukungu, ndiyo nikaileta huku."

"Na baba akaanza kuumwa tena lini?"

Mama alikaa chini polepole. Mwiko ulibaki mkononi.

"Kwa hiyo tumemkaangia mzee dawa zake," Ackson alisema.

"Nyamaza wewe!" baba yake alimkemea.

"Kwa hiyo ni mimi," Mama alisema. Sasa hakusingizia moshi. "Watu walisema amerogwa. Kumbe ni mimi."

"Hapana, mama," Lightness alimshika bega. "Nani alikuambia uiweke wapi?"

"Hakuna."

"Basi kosa ni letu sisi watu wa dawa. Tulikupa chupa, maelezo tukabaki nayo. Wewe uliiweka mahali unapoweka vitu vya thamani."

Mzee alikohoa.

"Na mimi niliona akiihamisha," alisema. "Nikamwambia, mke wangu una akili. Sasa tugawane kosa, au unataka kula peke yako na hilo?"

Mama alicheka huku machozi yanatoka.

Ackson tayari alikuwa amesimama. Hawezi kukaa na tatizo.

"Rahisi tu. Godwin ana friji la soda pale dukani. Nampelekea chupa mpya."

"Ili mzee kila akitaka kula aende kwa Godwin?" Lightness alimuuliza. "Friji lina unyevu, na dawa haitakiwi kuganda. Ukiambiwa kwenye maelezo uweke frijini, weka. Hii wamesema pasizidi joto la kawaida. Na kwa baridi hii yenu, Ackson, nyumba nzima ni friji. Mmechagua sehemu moja yenye joto, mkaiweka hapo hapo."

Wote wakacheka, na mzee akacheka kuliko wote.

"Sasa ulikuwa unainywaje hiyo dawa, baba?" Lightness aliuliza.

"Na chai. Inayochemka. Ndiyo inashuka vizuri."

"Hapo napo joto tena. Kunywa na maji ya kawaida. Unaanza kula, unameza. Usiitafune. Na usiache tena bila kumwambia daktari."

"Hizi za zamani nitazitunza za akiba," Mama alisema.

"Akiba ya nini, mama? Nipe mimi, nizirudishe kituoni ziteketezwe vizuri. Usizitupe chooni, usimpe mtu. Na kesho baba aende Mbeya. Mimi nadhani ni joto, lakini daktari ndiye atakayepima. Inawezekana kuna kitu kingine."

Kesho yake Ackson alimpeleka baba yake Mbeya. Daktari alimpima uzito, akatikisa kichwa. Alimuuliza maswali mengi, akamwandikia dawa upya. Walipotoka na chupa mpya, Ackson alifunua kiti cha pikipiki ili aiweke chini yake. Mzee alimnyang'anya.

"Una wazimu? Hapo chini pana moto wa injini. Nimekikalia kiti hicho mwaka mzima, makalio yangu ni shahidi."

Aliiweka kwenye mfuko wa nguo, akaushika mkononi, kwenye kivuli cha mwili wake, mpaka Kinyala.

Nyumbani Mama alikuwa amejiandaa. Alitafuta kopo la biskuti lenye mfuniko unaobana. Akaliosha, akalikausha vizuri. Chupa ikaingia humo, kipakiti chake cha punje bado kiko ndani. Kopo akaliweka chumbani kwenye rafu, mbali na dirisha, halijagusa ukuta wenye ukungu. Mzee kila anapotaka kula, Mama anatoa kapsuli kwa mkono mkavu na kufunga kifuniko hapo hapo. Ackson alipoiacha chupa wazi siku moja, alipigwa na mwiko.

Haikuwa miujiza. Mwanzoni tumbo liliendelea kunguruma. Mzee alikula kidogo kidogo, anasikilizia. Taratibu mbio za chooni zikapungua. Choo kikaanza kutoka cha kawaida. Asubuhi moja Mama alimkuta shambani na panga, anapogoa migomba na kuimba wimbo wa kwaya. Mama akarudi jikoni akaongeza ndizi kwenye chungu.

Kamba ya suruali ilikuwa ya mwisho kuondoka. Mzee aliirudisha mwenyewe kwa Ackson.

"Chukua. Ulisema utanizika nayo."

"Nilisema blanketi, mzee. Blanketi bado unalo."

Ibada ya mavuno ikafika tena. Kanisa lilijaa ndizi, mahindi, viazi na maparachichi. Nje, Ackson alikuwa amekaa juu ya pikipiki kama kawaida, injini inaunguruma. Amina ya mwisho ilisikika. Watu wakatoka. Alimtafuta baba yake kwa macho.

Wanaume walikuwa wameanza kukaa kwenye mikeka kuzunguka sinia za mbalaga. Mzee Anyosisye alisimama karibu nao, kofia mkononi. Mama Tusajigwe alimsogelea. Alifungua mkoba wake, akatoa chupa kutoka kwenye kopo, akampa kapsuli na kikombe cha maji. Mzee mmoja wa kanisa alisogea kidogo kwenye mkeka, nafasi ikapatikana.

Mzee alikaa. Akanawa. Akala tonge la kwanza, akameza kapsuli, akapeleka mkono kwenye sinia tena.

Ackson alisubiri. Alijua kona zote za njia ya nyumbani. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye gia.

Mzee alikula. Akasimulia kitu, wenzake wakacheka. Akala tena. Kisha akageuza shingo, akamwona mwanawe juu ya pikipiki.

"Ackson!" aliita, kwa sauti ya mtu mwenye nguvu zake. "Zima hilo lipikipiki, watu hatusikilizani. Njoo ule."