Ruta Iliyouliza Mbali

Duka la Thuwaiba lilikuwa Small Heath, Uingereza, kwenye Coventry Road, jirani na muuza nyama. Mbele aliuza kadi za simu. Nyuma alikuwa na kompyuta sita. Watu walikuja kusoma barua pepe na magazeti ya nyumbani.

Lakini siku hizi walikuja, wakangoja, wakaguna, wakaondoka.

"Mwanangu, ukurasa umelala," alisema Bi Sikuzani, mteja wa tangu duka lifunguliwe. "Niubembeleze?"

"Subiri kidogo tu, bibi."

"Nimesubiri mpaka chai imepoa!"

Thuwaiba alicheka, lakini moyoni hakucheka. Mkubwa, kaka wa mumewe na mshirika wao dukani, alikwisha sema: "Jumamosi naleta mitandio ya kuuza. Kompyuta zitoke." Thuwaiba hakutaka zitoke. Ni yeye aliyezipigania zikaja.

Alhamisi akaingia Gurmeet, Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Alikuwa fundi wa mitandao hospitalini, Bordesley Green.

"Mbona umekunja uso hivyo, dada?"

"Laini imekufa. Nataka kuipigia simu kampuni, niwagombeze."

"Usigombane na mtu bado. Hebu tuangalie kwanza."

Wakafungua ukurasa. Kioo kilibaki cheupe. Wakangoja. Mara ukurasa ukaja wote kwa pamoja, na picha zake.

"Umeona?" Gurmeet alisema. "Umekawia kuanza. Ulipoanza, umekuja mbio. Laini ni nzima."

"Sasa kinachokawia ni nini?"

"Sisi tunaandika majina ya tovuti. Mashine zinataka namba. Kwa hiyo ruta yako, hicho kisanduku kinacholeta intaneti, huuliza kwanza: jina hili namba yake ni ipi? Anayejibu ni kompyuta nyingine, seva ya majina. Wengine huiita DNS. Ikichelewa kujibu, kila kitu kinangoja. Tuipime, tena tupimie kwenye ruta."

"Kwa nini si hapa?"

"Kompyuta moja inaweza kuwa na ugonjwa wake. Ruta ndiyo mlango wa zote."

Ruta ilikuwa na ukurasa wa vipimo. Thuwaiba akaandika jina la tovuti. Jibu lilichukua milisekunde mia nane.

"Ni nyingi?"

"Karibu sekunde nzima. Na ukurasa mmoja unaweza kuuliza majina mengi. Pima tena, lakini badilisha jina. Seva hukumbuka jina ililokwisha kuulizwa. Mara ya pili hujibu upesi, ikatudanganya."

Thuwaiba akapima tena na tena, kila mara kwa jina jipya. Majibu yalikuwa mazito vilevile. Kisha akapima seva ya kampuni yao ya intaneti, hapa hapa Uingereza. Milisekunde thelathini. Akarudia. Hazikupita arobaini.

Gurmeet akatafuta namba ya seva ya kwanza ni ya wapi. "Dada, hii iko Dar es Salaam! Nani ameiweka?"

Thuwaiba akashika kichwa. "Shemeji Mkubwa! Alisema habari za nyumbani ziulizwe nyumbani, ndipo zitafunguka upesi."

"Nia yake njema. Lakini seva hii inatoa namba tu. Gazeti lenyewe litatoka pale pale lilipo. Swali linapanda satelaiti, linashuka Dar, jibu linarudi njia ile ile. Hata mtu akitafuta basi la Great Barr, anaulizia Dar!"

Thuwaiba akabadilisha mwenyewe. Kwanza aliandika namba ya zamani pembeni, asije akaihitaji. Akaweka namba mbili za kampuni, ya pili iwe ya akiba. Akazima ruta na kompyuta, akawasha, akapima tena. Thelathini na kitu.

Jumamosi Mkubwa akaja na maboksi.

"Shikamoo, shemeji. Kaa kwanza usome gazeti."

Mkubwa akabonyeza, kisha kwa mazoea akanyoosha mkono kuchukua chai. Aligeuka akakuta gazeti limefunguka.

"Mmenunua laini mpya?"

"Hapana. Tumepima," Thuwaiba alijibu. Akamwonyesha vipimo vyote viwili, cha Dar na cha hapa, akamweleza polepole.

Bi Sikuzani alikuwa kiti cha pili. "Kumbe Mkubwa, siku zote ulikuwa unanipeleka Dar!"

"Na kukurudisha, Bi Sikuzani. Bila nauli."

Kila mtu akacheka. Mkubwa akageuka, akatafuta kiti kitupu cha kuwekea maboksi. Hakukiona.

"Mitandio tutaitundika dirishani," alisema. "Huku nyuma kuna watu."